Nilimlipa mkadiriaji kabla hata ya kuchimba msingi, hela haikuliwa ila kuna sehemu kanikera

Mimi sio mtu wa ujenzi, nina kiwanja Iyumbu, hapa Dodoma, nilichokilipia kwa mbinde na ramani ya vyumba vitatu nimechorewa na kijana mmoja, sasa fundi wangu, yuleyule aliyejenga kwa dada yangu Nzuguni, kaiangalia ile ramani kwenye simu kama dakika mbili akasema "mama wala usiwaze, milioni 35 unahamia". Nilifurahi wee. Usiku usingizi ukakata, maana kwa dada nako alisema hivyohivyo na mpaka leo madirisha mawili yamezibwa na bati.

Ndo nikatafuta QS, mkadiriaji majenzi, yule anayepiga hesabu za gharama za ujenzi, hapahapa mjini. Jina siweki, ila wewe kabla ya kutoa hela hakikisha mtu wako kasajiliwa AQRB, ile bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, siku hizi mtu akijua eksel tu tayari anajiita QS. Makadirio ya mwanzo kanitajia laki 3, nikalialia tukamalizana laki 2 na nusu.

Ofisi ni kachumba juu ya duka la rangi, feni imekufa, jiandae. Ila kazi aisee. Kaprinti ramani kwenye karatasi kubwa, kachukua rula, kapima kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje, ikaja skwea mita 118, na veranda 14. Nikajua hapo anazidisha na bei basi naondoka. Thubutu, maswali yakaanza. Maji ya kujengea unatoa wapi, DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, wamefika au unanunua boza? Paa la kawaida au la kuficha? Unajenga moja kwa moja au hela ikipatikana? La maji ndo lilinishika, huku kwetu kiangazi hicho kirefu maji ni hela kabisa na sijawahi kumsikia fundi akiyahesabu.

Halafu akauliza kwa nini sebule imechomoza na jiko limerudi ndani. Nikasema si inapendeza. Akavuta gazeti, pembeni akachora maboksi mawili, moja mita 10 kwa 10, jingine 20 kwa 5. Yote ni skwea mita 100. "Sasa dada zungusha ukuta." La kwanza mita 40, la pili 50. Hizo mita 10 za ziada ukuta ukipanda mita 3 ni tofali za inchi 6 kama 250, bado udongo wa kujengea, plasta, rangi na hela ya fundi, na chumba hakijaongezeka hata kwa kuweka stuli! Laki 2 na nusu yangu nikaiona imerudi palepale. Kona mbili za sebule nimezifuta.

Mwisho akaweka laki 5 na nusu kwa skwea mita, kaitoa kwenye nyumba alizosimamia hukuhuku na sio ile ya shemeji yangu wa Dar aliyonitumia, maana mchanga wetu na wao bei mbili tofauti na simenti inayotoka kule inatembea kilomita kama 450 kutufikia. Jumla, na veranda ikiwemo, milioni 72 na laki 6, lakini kwenye karatasi kaandika kati ya milioni 62 na 87. Nikamwambia kaka, hapo katikati si kuna nyumba ya mtu mwingine? Akacheka, akasema tiles hujachagua, madirisha hujaamua, anayekupa namba moja leo anakubahatishia. Na ile 35 ya fundi wala sio uongo, ni boma na kupaua. Finishing hakuigusa. Uzio, shimo la choo, kuvuta umeme na kibali cha jiji hata QS kaviweka pembeni, kavitaja kimoja kimoja, na dharura asilimia 10. Chini kaandika bei ni za mwezi huu, ikipita miezi mitatu tuangalie tena. Hilo nimelipenda.

Sasa kero. Saiti hakuja. Kafanya kazi yote mezani, na kiwanja changu kimelala mlimani. Fundi alipokuja kuvuta kamba na mpira wa maji tukakuta kona ya juu na ya chini zinapishana zaidi ya mita moja, yaani upande wa chini msingi unakula kozi, mistari ya tofali, kama sita zaidi, tofali za kulaza, na kifusi cha kujazia juu. Nikampigia nimewaka. Akaniambia kwa upole fungua ukurasa wa mwisho. Kweli, kiherufi kidogo: eneo limechukuliwa kuwa tambarare. Sawa, ameandika, ila mtu anayekaa mji uliojaa vilima na miamba anauliza "kiwanja kina mteremko?" kabla hajauliza aina ya paa. Na ile ripoti yote Kiingereza, kwa nini jamani, mjengaji ni mimi na fundi wangu.

Nampa nyota 3 na nusu. BOQ, ile orodha kamili ya vifaa na kazi na bei zake, nimempa yeye, kwa sharti afike saiti kwanza. Jumamosi kaja na viatu vya ofisini, soksi zimejaa mbigili mpaka kwenye kisigino, kashika tepu upande mmoja na fundi upande wa pili, wanabishana kozi ngapi.