Kindege cha Arusha–Unguja: nyota nne, ya tano imebaki kwenye mizani

Ukitoka Arusha mjini na hutaki safari ya kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), panda kindege pale Kisongo. Mimi nilipanda Cessna Caravan: injini moja, pangaboi moja puani, abiria wa kuhesabika. Shirika silitaji, maana nina la kusema kuhusu mizani yao.

Mwisho wa mzigo ni kilo 15, na begi liwe laini. Hilo lipo kwenye tiketi, sina ugomvi nalo. Ila maparachichi ya wifi yangu yalipimwa mpaka nikatolewa nusu, halafu mtalii aliyekuwa nyuma yangu akapita na begi la kamera bila hata kuulizwa. Nyota moja imeishia hapo.

Ndani nilikaa mbele, ubavuni kwa rubani, saa zote za vipimo naziona. Ya kimo ilipanda polepole hadi futi 11,000 ikatulia. Kilimanjaro ilikuwa upande wa kushoto. Kilele chake ni futi 19,341, kwa hiyo tuliinua macho kuitazama! Kwenye jeti ya Nairobi–Dar huwa naichungulia Kibo ikiwa chini yangu.

Mbona hatupandi zaidi? Kwenye makaratasi Caravan inaruhusiwa hadi futi 25,000, sawasawa na ATR 72, ile ndege ya pangaboi mbili. Lakini ATR hujaziwa hewa kabini. Caravan haina mfumo huo, unavuta hiyohiyo ya nje. Wakipanda sana, watu watahitaji oksijeni. Airbus A220 inafika futi 41,000, kwa kuwa huko hewa ni nyepesi, haiizuii sana ndege, na mafuta yanakwenda mbali. Ila abiria wake hawaisikii hiyo 41,000: kabini za jeti nyingi hutunzwa zisizidi hali ya futi 8,000, na Boeing 787 kama 6,000 tu. Kwa hesabu hiyo, mapafu yangu yalikuwa juu zaidi kwenye kindege hiki kuliko ndani ya jeti lolote nililowahi kupanda. Ndiyo maana nilipiga miayo njia nzima, nikadhani ni usingizi.

Chupa yangu ya maji ilithibitisha. Niliimaliza tukiwa juu, nikaifunga kizibo barabara. Tulipotua Unguja ilikuwa imebonyea mbavu zote, hewa ya pwani imeikamua.

Rubani alishusha ndege taratibu sana, masikio hayakuuma; hapo nampa heko. Mawingu ya Tanga yalitutikisa kidogo, si ya kumtapisha mtu. Choo hakuna, na safari inapita saa moja, kwa hiyo chai ya asubuhi iwe kikombe kimoja. Kata tiketi ya ndege ya mapema kabla joto halijaamsha mawingu, uombe kiti cha kushoto. Na maparachichi yatume kwa basi.