Duka la dawa karibu na soko la Kilombero, Arusha: wanasema ukweli

Mnaotafuta mtoto nendeni pale. Nilitaka vidonge vya antioksidanti (vya kupunguza kemikali zinazoharibu mbegu za kiume) vya mume wangu, kaka wa dirishani akasema dada subiri, shemeji akapime mbegu kwanza, akae siku 2 hadi 7 bila tendo ndo apeleke sampuli. Akaelezea vizuri mno, sigara na maambukizi vinazidisha kemikali zinazoshambulia mafuta ya utando wa mbegu mpaka DNA inakatika, ila kuna utafiti wa Marekani wa 2020, MOXI, walitumia antioksidanti kama vitamini C, E na zinki na mbegu hazikuimarika. Mbegu mpya zinachukua kama miezi 3 so sigara aache sasa hivi. Bei wamebandika, risiti wanatoa, foleni ya jioni tu ndo inachosha.