Vyambo vya manyoya "vya baharini" vilivyofumuka kichwani: uzoefu wangu

Kisanduku kimeandikwa kwa herufi kubwa: vyambo vya manyoya vya baharini, vya kolekole, nguru na mzia. Uongo mtupu. Huo ni ufungaji wa trauti, yule samaki wa mito ya maji baridi, uliohamishiwa kwenye ndoana kubwa na kutiwa rangi za kung'aa. Nilikinunua kaskazi iliyopita kwenye duka moja la vifaa vya uvuvi Mjini, Unguja, nikavuka nacho Pemba, na hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Ukubwa na rangi vimeandikwa kwenye kisanduku, kila mtu atajisomea. Mimi nazungumzia kichwa, pale nyuma ya tundu la ndoana uzi unapomalizikia. Hapo ndipo chambo cha manyoya kinaposhikana au kinapokufa. Hiki kilikufa kwa kolekole wa kwanza, kwenye ukingo wa mwamba unaoangalia Mkondo wa Pemba: samaki kagonga, mshipi umekaza, mara umelegea. Kilichorudi ni ndoana tupu na kipande cha uzi kinaning'inia. Nikavipasua vilivyobaki kwa wembe kuona ndani kuna nini. Vyote ugonjwa mmoja.

Hakuna tandiko la uzi. Shina la ndoana linateleza. Ukifunga manyoya moja kwa moja juu ya chuma yatazunguka tu, ukaze utakavyokaza. Kwanza shina livishwe uzi, mizungusho iliyobanana, kuanzia nyuma ya tundu mpaka mkunjo unapoanza, lipakwe gundi nyembamba, ndipo manyoya yalale juu yake. Ni kazi ya chini ya dakika moja, nao wameiruka! Mabua ya manyoya nayo yameachwa mviringo, na malaika yake ya chini, yaani vinyoya laini vya shinani, hayakung'olewa. Malaika yale yanakaa kati ya uzi na bua kama godoro, ukikaza unabana hewa. Yang'oe, kisha libane bua kwa koleo lisilo na meno mpaka liwe bapa, maana bua bapa halizunguki. Uzi wenyewe ni ule mwembamba wa kufungia "inzi", yaani vyambo vidogo vya manyoya vya trauti, kwenye ndoana ndogo za namba 14 au 16, ambako kichwa kinene ni kosa kwa sababu inzi wa kuelea lazima awe mwepesi. Kwenye ndoana kubwa ya 2/0 uzi huo unakatika kabla ya kufikia mkazo unaotakiwa, kwa hiyo aliyefunga kafunga kwa woga. Kamalizia na fundo moja jepesi na tone la vanishi ambalo halikuzama ndani hata kidogo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtindo waliouiga ni mzuri sana. Ni wa Lefty Kreh, Mmarekani aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa uvuvi wa Ghuba ya Chesapeake. Posta ya Marekani iliuweka kwenye stempu mwaka 1991. Siri yake iko mahali pa kufungia. Manyoya marefu hufungwa nyuma kabisa, mkunjo unapoanza, ili yasijizonge kwenye ndoana ukirusha. Hawa wameyafunga mbele, karibu na tundu, kwa hiyo yanajizonga, na mzigo wote unaangukia kichwa kile kile kibovu.

Niwape haki yao: manyoya ni ya daraja la juu, marefu, membamba, hayajaliwa na wadudu. Mwenye jiliwa, uzi mnene na ndoana zake anaweza kununua kisanduku kwa ajili ya manyoya tu, avifumue na kuvifunga upya. Achukue ndoana iliyopakwa bati au ya chuma kisichoshika kutu. Hizi zao za rangi ya shaba ni za maji matamu. Rangi ile ni vanishi, chumvi inapita, na kutu inaanzia chini ya uzi usipoiona. Akishatandika uzi, afunge manyoya sita mpaka manane, nusu kila upande, matumbo, yaani pande zilizobonyea, yakitazamana, urefu mara mbili na nusu ya shina. Mbele yake atie nywele ndefu za beberu, kila kichala unene wa njiti mbili za kiberiti, zizunguke shina lote na kufunika pale manyoya yalipofungwa. Nywele zikizidi, za ndani hazibanwi na zitachomoka. Ncha zikatwe mshazari ili kichwa kichongoke. Uzi ufukiwe chini ya mizungusho yake wenyewe, sita au saba, uvutwe, ukatwe. Kisha epoksi, sehemu mbili sawasawa, ikorogwe polepole isije ikatoa mapovu, na chambo kigeuzwe geuzwe mpaka igande. Aache nafasi mbele. Tundu likizibwa na gundi, nailoni nene haipiti.

Kwa miamba yetu ningeongeza macho ya risasi, yaani vijidonge viwili vizito vilivyoungana, mtindo wa Bob Clouser wa Pennsylvania. Yafungwe juu ya shina, theluthi moja ya shina nyuma ya tundu, uzi ukipita msalaba kulia na kushoto, halafu mizungusho michache ibane chini ya macho. Uzito unaipindua ndoana, ncha inatazama juu, na matumbawe hayaikamati ovyo. Kwa nguru na mzia, wenye meno makali, mbele ya chambo pawe na waya. Hapo hakuna mjadala.

Dukani, kabla ya kulipa, shika ndoana kwa koleo, bana manyoya kwa vidole na uyazungushe. Yakihama, rudisha.

Ningeishia hapo na kuwapa nyota mbili kwa ajili ya manyoya. Lakini nilimpigia muuzaji, nikamsalimia, nikamweleza kwa utaratibu uzi umefumuka wapi na kwa nini. Jibu lake: "Mzee wangu, hizo ni za watalii. Nyie Wapemba vueni kwa vibua vyenu." Akakata simu.

Kwani mtalii ndiye anayestahili kuuziwa fundo bovu? Na nani kamwambia manyoya ya kuku ni kitu kigeni kwa mtu anayerambaza, anayekokota chambo nyuma ya chombo? Basi nayafuta niliyosema juu. Msinunue hata kwa manyoya. Jogoo mmoja wa kienyeji wa sikukuu ana manyoya ya kiuno ya kutosha vyambo kadhaa. Yaoshwe kwa sabuni, yaanikwe kivulini, yahifadhiwe kwenye karatasi. Nyota ni sifuri. Nataka pesa yangu, na nataka neno "baharini" lifutwe kwenye kile kisanduku.