Miezi minne na daki modi: usiku naisifu, mchana naizima

Nilianza kwa sababu ya chandarua. Anayenyonyesha usiku atanielewa: mtoto keshashika ziwa, kulala huwezi, mkono mmoja uko huru, unachukua simu. Sasa fungua WhatsApp nyeupe ndani ya chandarua cheupe saa tisa usiku uone. Kitanda kizima kinang'aa kama karabai imewashwa humo ndani. Mtoto anaachia ziwa, anageuka kushangaa. Baba yake kajifunika shuka hadi usoni: "Mama watoto, hiyo tochi ya nini tena?"

Nikaingia kwenye mipangilio nikawasha Mandhari meusi, yaani kioo kinakuwa cheusi na maandishi meupe. Ndivyo inavyoitwa kwenye simu iliyowekwa Kiswahili. Mtaani tunasema daki modi. Si jambo jipya. Android iliileta kwa simu nzima kwenye toleo la 10 mwaka 2019, iPhone nazo mwaka huohuo kwa iOS 13, na WhatsApp ikafuata Machi 2020. Mimi ndiye niliyechelewa. Usiku ule baba watoto hakusema neno, na mtoto alinyonya akalala. Kwa kazi hiyo moja naipa mia kwa mia.

Ila nilikuwa nimeahidiwa pia kwamba itaokoa chaji. Mimi ni wakala wa pesa za simu, simu ikizima saa nane mchana biashara nayo imezima, kwa hiyo hapo ndipo macho yangu yalipokuwa. Wiki mbili nzima sikuona tofauti hata kidogo. Simu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kioo cha LCD, na LCD ina taa nyuma ya kioo inayowaka muda wote. Ukiweka rangi nyeusi umeifunika tu, taa iko palepale inakula betri. Baadaye nikarithi simu ya mume wangu yenye kioo cha AMOLED, ambacho kila kitone kinajiwashia chenyewe, na penye weusi kabisa kitone kinazimika. Kama hujui yako ni ipi, zima taa za chumbani, fungua picha nyeusi tii ijaze kioo. Yangu ya zamani ilitoa ukungu wa kijivu, unaona mpaka kingo zake. Hii ya sasa ilipotea mkononi, nikaipapasa kujua kama bado imewaka.

Hata kwenye AMOLED msitarajie makubwa. Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipima mwaka 2021: mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50, ambapo wengi wetu tunauacha, kuhamia weusi kuliokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu ya umeme wa simu. Mwangaza ukiwa juu kabisa ndipo ilifika 39 hadi 47. Nikasema afadhali, mimi mchana naweka mwangaza mwisho, nitafaidi.

Nilifaidi nini? Kibanda changu ni mwavuli na meza. Saa saba jua la Dar limesimama utosini, mteja anasubiri atoe elfu thelathini, nainamia simu niione salio, naona uso wangu mwenyewe. Kioo cheusi juani ni kioo cha kujitazamia. Naona kitambaa kimekaa upande, naona jasho, namba sioni. Inabidi niifiche simu kifuani chini ya khanga kama naficha siri, na mteja wa pesa hapendi kuona wakala anaficha simu. Siku ya pili nikarudisha weupe, na maandishi meusi yakasomeka.

Kosa langu kubwa lilikuwa tamaa. Programu ya benki ninayotumia haina daki modi, ikawa inaniudhi usiku, kila kitu cheusi yenyewe nyeupe pee. Nikaelekezwa njia ya fundi: unagonga namba ya muundo (build number) mara saba, zinafunguka chaguo za wasanidi programu, humo unailazimisha kila programu iwe nyeusi. Ikawa nyeusi kweli, maandishi nayo yakabaki meusi. Kwenye kisanduku cha kiasi nilikuwa naandika tarakimu nisizoziona, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano gizani. Sikubonyeza kutuma. Nilitoka nikaizima ile njia ya fundi na sijairudia, na wewe ukiwa unashika pesa za watu usiiguse.

Jingine dogo, ila lilinichekesha. Nilipiga skrinishoti ya mazungumzo na mwenye nyumba kuhusu kodi, nikapeleka steshenari wanitolee nakala. Karatasi ikatoka nyeusi yote, imelowa, bado inanukia wino. Kijana wa pale akaniuliza, "Dada, hapa unalipia karatasi au unalipia wino?" Nilimlipa zaidi, nikakaa benchi lake, nikageuza simu kuwa nyeupe na kupiga upya.

Kuhusu macho, dada yangu anavaa miwani ya astigmatizimu, ile hitilafu ya umbo la jicho inayofanya mtu aone vitu vimefifia, na daki modi haiwezi kabisa. Anasema herufi nyeupe kwenye weusi zinaota ndevu, anasoma mistari mitatu kichwa kinamgonga. Mimi haziniotei. Wala isikudanganye kwamba utapata usingizi. Nilikuwa napata uvivu wa kuiweka chini kwa sababu hainiumizi tena, mtoto kashalala zamani mimi bado nasoma habari za watu hadi saa kumi.

Sasa nimeiwekea saa. Simu inakupa chaguo la kufuata machweo na macheo, lakini huku kwetu jua linazama saa kumi na mbili jioni na dakika zake mwaka mzima, na mimi nafunga kibanda saa mbili. Nimeandika mwenyewe: iwashe saa tatu usiku, izime saa kumi na mbili asubuhi. Na mwangaza naushusha mpaka mwisho kwa mkono, maana daki modi yenye mwangaza uliojaa bado inamulika chandarua, hasa mtu akikutumia picha ya harusi.