Spika ya Bluetooth kwa mtu wa Kigoma: ninavyozipanga

Ukiingia dukani pale Mwanga kutafuta spika, usikubali ijaribiwe kwa simu ya muuzaji. Toa yako. Washa spika, shikilia kitufe chenye alama ya Bluetooth mpaka taa ianze kumetameta, kisha fungua Mipangilio kwenye simu, ingia Bluetooth, gusa jina la spika likitokea. Ikidai namba ya siri, jaribu 0000. Tableti nayo ni hivyo hivyo. Ikishashika, iache spika mezani na wewe utoke na simu hatua nane, tisa hivi, muziki ukiendelea. Ukisikia inakatakata, rudisha, omba nyingine.

Namba moja kwangu ni JBL Go 4. Ni ndogo, inaenea kiganjani, na sauti yake si ya kuchezesha harusi. Nimeiweka juu kwa sababu ya IP67. Hiyo 6 ni ya vumbi, halipenyi. 7 ni ya maji, inastahimili kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Aliyewahi kushinda mwalo wa Kibirizi anajua mchanga unavyofuata mtu mpaka kwenye ugali. Ikichafuka unaisuuza kwa maji ya ziwa, maana Tanganyika haina chumvi ya kula vyuma. Chaji yake kiwandani wanasema saa 7, lakini ukifungulia sauti mpaka mwisho usizitegemee zote. Haina tundu la waya, hivyo simu yako Bluetooth ikiwa mbovu, achana nayo.

Ya pili, Soundcore 2 ya Anker, nusura iwe ya kwanza. Saa 24 za chaji! Mvuvi wa dagaa anatoka jioni, anarudi alfajiri, na bado inaimba wakati samaki wanaanikwa. Ina tundu la waya wa AUX pia. Kilichoiangusha ni mchanga: yenyewe ni IPX7, na hiyo X maana yake kwenye vumbi haikupimwa. Chaja yake ni ile ya zamani ya micro-USB, ambayo pengine unayo kwenye droo.

Ya tatu mtanicheka: zile spika za bei nafuu zenye redio, tundu la flashi na la memori kadi. Nilimnunulia mama, Ujiji. Siku ya tatu akanipigia, "Mwanangu, hili lidude lako linaimba singeli saa sita usiku na mimi sijaligusa." Kumbe kijana wa jirani alishawahi kuliunganisha na simu yake, na nyingi za aina hii zikiwashwa zinamkumbuka wa mwisho, hata awe nyuma ya ukuta. Dawa ni kijana afute jina la spika kwenye simu yake, kisha mama aunganishe ya kwake. Tulifanya hivyo. Lakini mama hatumii tena Bluetooth. Anachomeka flashi ya kaswida, asubuhi anasikiliza taarifa ya habari redioni, na simu yake haimalizi chaji. Kwa mzee asiyependa kuhangaika na simu, hii inazipita zote za juu. Maji tu usiionjeshe.

JBL Charge 5 nimeishusha mpaka ya nne, na si kwa ubaya. Saa 20, IP67, na betri yake ya 7500 mAh inachaji hata simu. Ila inakaribia kilo 1, na bei yake kwa mtu mmoja wa chumba kimoja naona ni pesa iliyolala. Kwaya au kikundi mkichanga, ichukueni.

Sasa feki, maana JBL inaigwa sana. Pakua programu ya JBL Portable kabla hujafika dukani. Go 4 na Charge 5 halisi, ukishaziunganisha, programu inazitambua. Ya kuiga kwa kawaida haionekani humo hata kama muziki unalia vizuri. Soma na boksi: mimi niliwahi kupewa spika ya ukubwa wa ngumi imeandikwa wati 1000, wakati Charge 5 yenyewe ni wati 40. Nikamrudishia muuzaji boksi lake, nikaenda zangu kununua migebuka.