TAHADHARI: Ukiambiwa "antena ya kwenye kioo imekufa", usitoe hela na usikubali paa litobolewe

Habari zenu wakuu. Wenye Crown, Mark X na magari mengine ya Japani ambayo hayana fimbo ya antena juu, hili linawahusu. Kuna mafundi wa redio za magari hapa Dar wanaotibu kwa hela nyingi ugonjwa ambao wameusababisha wao wenyewe. Wamemliza shemeji yangu, na nilipoanza kuulizia mtaani nikakuta wengine wamepitia njia ileile, neno kwa neno.

Shemeji alitaka kutoa redio ya Kijapani iliyokuja na Crown yake, aweke ya Android yenye skrini kubwa. Akaenda duka moja Kariakoo. Kazi ilionekana safi: skrini inawaka, bluetooth inashika, kamera ya nyuma inaonyesha. Hajafika Buguruni, FM ikawa mikwaruzo mitupu. EFM haisikiki kabisa, Times inakuja na kupotea. Akageuza gari. Fundi akagonga kioo cha nyuma kwa kidole, akamwambia, "Dada, hizi antena za kwenye kioo jua la huku linaziua. Weka pezi la papa, utasahau." Yaani ile antena ya kubandika juu ya paa, yenye umbo la pezi la samaki. Shilingi 150,000 pamoja na ufundi. Wakatoboa paa, wakabandika. Redio vilevile. Akaambiwa sasa imebaki "busta", kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, 40,000 nyingine. Redio vilevile.

Masika yalipoanza, maji yakawa yanaingia kwenye lile tundu, kitambaa cha paa kwa ndani kikalowa chote na kuanza kunuka uvundo. Hapo ndipo aliponiambia.

Tulilipeleka gari kwa fundi umeme ninayemwamini, Ilala, nikasimama pale naangalia. Lile pezi lilikuwa ganda la plastiki, ndani yake kuna kipande cha waya ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote. "Busta" ilikuwa kiboksi chenye taa nyekundu inayowaka tu. Akachomoa redio. Nyuma yake akakuta waya wa bluu umeviringishwa utepe mweusi, umeachwa unaning'inia. Akauunga kwenye waya unaokwenda kwenye amplifaya ya antena, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, akarudisha redio. Stesheni zote zikanyooka palepale. Antena ya kioo ilikuwa nzima muda wote.

Nieleze kwa nini, maana ukilielewa hili hakuna atakayekudanganya tena. Angalia kioo cha nyuma cha gari lako. Ile mistari mingi ya mlalo ni ya kupasha kioo joto ili ukungu uondoke. Mara nyingi juu yake kuna mistari mingine michache yenye umbo tofauti na sehemu yake ya kuunga waya. Hiyo ndiyo antena. Kwenye station wagon unaweza kuikuta kwenye vioo vya pembeni vya nyuma, na kuna magari ambayo mistari ya joto yenyewe inafanya kazi zote mbili. Imechapwa kwa rangi yenye madini ya fedha, kisha ikachomwa pamoja na kioo kiwandani kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 600. Kitu kilichopita kwenye moto huo hakiuawi na jua la Dar. Wala si teknolojia ya majaribio: General Motors walikuwa wanaficha antena ndani ya kioo cha mbele tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Udhaifu wake ni kwamba mistari ya kwenye kioo hukamata mawimbi hafifu kuliko fimbo. Kwa sababu hiyo kiwandani wanaweka amplifaya ndogo karibu na kioo, imefichwa nyuma ya plastiki ya nguzo ya gari. Amplifaya hiyo inataka umeme wa volti 12, na umeme huo unatoka kwenye redio kila unapoiwasha. Redio ya Kijapani iliyokuja na gari inaupeleka yenyewe kupitia soketi yake. Redio mpya ya Android ina waya wa pekee kwa kazi hiyo, kwa kawaida wa bluu, na mara nyingi umeandikwa ANT. Fundi asipouunga, amplifaya inalala, na ikilala haipitishi vizuri hata kile kidogo kilichokamatwa. Kwa mwenye gari inaonekana antena imekufa ghafla, siku ileile redio ilipobadilishwa. Sasa jiulize: jua liliisubiri siku hiyo?

Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, kama Volkswagen, umeme huo unapita ndani ya waya wa antena wenyewe, kwa hiyo inahitajika adapta ndogo ya kuuingiza. Fundi asiyejua hilo atakwambia vilevile kwamba antena imekufa. Na mwingine, ili kurahisisha, ataunga amplifaya moja kwa moja kwenye umeme wa betri. Mkatalie. Redio itasikika, lakini betri itanyonywa kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa.

Kabla hujafungua pochi, mwambie fundi afanye mambo mawili mbele yako. La kwanza, awashe redio kwenye FM, afungue plastiki ya nguzo, apime kwa mita kama umeme unafika kwenye amplifaya. Hausomi 12 au karibu na hapo? Basi tatizo ni waya. La pili, achomoe waya wa antena nyuma ya redio, aingize kwenye tundu la katikati kipande cha waya wa kawaida chenye urefu wa sentimita 75 hivi. Urefu huo ni robo ya wimbi la FM la megahezi 100, kwa hiyo ni antena halali kabisa. Stesheni za mjini zikisikika vizuri, redio ni nzima na kasoro iko kati ya kioo na redio. Zisiposikika hata hapo, anayetakiwa kujibu ni aliyekuuzia redio. Vipimo vyote viwili ni vya muda mfupi na havitaki kifaa cha gharama. Fundi asiyekuwa na mita, au anayekasirika ukimwomba apime, usimwachie gari.

Chomoa pia chaja ya simu ya kwenye kiberiti na kamera ya dashibodi, usikilize tena. Zile za bei rahisi zinapiga kelele kwenye FM kiasi cha kufunika stesheni, na watu wameshauziwa antena kwa sababu ya chaja. Na kama gari lako lina mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kagua waya zinazopita kwenye mpira wa bawaba. Miaka ya kufungua na kufunga huzikata kwa ndani. Redio ikibadilika unapoutikisa mlango, umeshapata jibu.

Kuna na mbinu nyingine zinazotembea sambamba na hii. Aliyebaki na redio yake ya Kijapani anaambiwa antena mbovu kwa sababu hapati 93.7 wala 100.5. Redio hiyo imetengenezwa kwa FM ya Japani, inayoanzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa mpya zaidi 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Hata ungeweka mnara juu ya paa, redio inayoishia 90 haifiki 100.5. Kinachohitajika ni kile kiboksi cha kushusha masafa, au redio nyingine. Na ukishaweka ya Android, ingia kwenye mipangilio ya redio uhakikishe eneo si Japani, chagua Ulaya. Nimeona gari ambalo hilo tu ndilo lilikuwa tatizo, na mwenye gari alikuwa ameshatajiwa bei ya antena.

Kwenye kioo cha mbele cha magari mengi ya Japani utaona vibandiko vyembamba vyenye nyuzi, pembeni juu. Hivyo ni vya televisheni. Ukiambiwa "tutafungua TV kwa kubadilisha hizi antena", hiyo ni kamba. Japani wanarusha kwa mfumo wa ISDB-T, Tanzania na Kenya tunatumia DVB-T2. Kisoma-matangazo kilichomo kwenye gari hakielewi mfumo wetu, hata ubadilishe antena mara ngapi.

Kwa waliovunjikiwa kioo cha nyuma, hapa ndipo hasara inapokuwa kubwa. Kuna wanaouza kioo chenye mistari ya joto peke yake, au kitupu kabisa, kwa bei ya kile chenye antena. Ukiwa dukani kinaonekana ni kioo tu, kinaingia, mpira unakaa. Unakuja kugundua ukiwa njiani, wakati wao wameshakivunja na kukitupa cha zamani, huna cha kulinganisha. Usiruhusu kioo cha zamani kitupwe, hata kama kimebaki vipande. Hesabu sehemu za kuunga waya, linganisha na za kipya, ndipo ulipe.

Tinti nayo. Zipo zenye chembe za metali, na ukizibandika juu ya antena unakuwa umeifunika. Kwa kioo chenye mistari dai tinti isiyo na metali, na muuzaji aandike hivyo kwenye risiti. Kubwa zaidi ni kubandua tinti ya zamani: wakitumia wembe wanakwangua mistari pamoja na gundi. Tinti ya kioo hicho ibanduliwe kwa mvuke na maji ya sabuni. Mstari ukikatika mahali pamoja, unatibika kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, inayouzwa kwenye vichupa vidogo. Msimruhusu mtu auchomelee kwa risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, kioo kinaweza kupasuka.

Tulirudi dukani na lile pezi likiwa limefunguliwa. Walirudisha hela ya pezi, wakakataa ya "busta" na ya kutoboa, wakasema paa lilitobolewa kwa ridhaa ya mwenye gari. Alichokuwa nacho shemeji ni karatasi ya mkono isiyo na jina la duka. Kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iandikwe kitu gani kimefungwa, isiwe "vifaa vya gari" tu. Ukiwa na risiti hiyo unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia ni kazi yake. Walioko Mombasa na Nairobi, magari yenu ni haya haya, kaeni macho.

Kama paa lako limeshatobolewa, usilizibe kwa silikoni ukaliacha hivyo. Ling'oe pezi, mpelekee fundi bodi akwangue kutu kuzunguka tundu, azibe kwa bati na kupaka rangi, na kitambaa cha ndani kishushwe kikauke kabisa kabla hakijarudishwa. Waya za taa ya ndani zinapita hapohapo, akague kama hazijaingiwa na maji.