Chakula cha kuelea cha kilo 20: mwatiko wananenepa, ila ndani mna dagaa kiasi gani?

Hiki ni chakula cha samaki wa kufugwa kinacholetwa kutoka nje: mfuko wa kilo 20, punje za milimita 3, protini asilimia 30. Kikundi chetu cha kina mama hapa Bumbwini hukinunua duka moja la pembejeo Mwanakwerekwe, kwa ajili ya bwawa la mwatiko lililo nyuma ya mikoko. Wenzetu wa Pemba wanauliza kila mara kama kinafaa, basi naandika hapa wote wasome.

Kwa ulaji, kinafaa khasa. Punje zinakaa juu ya maji hata ukaona samaki wanakula au wameshiba, na vumbi chini ya mfuko ni kidogo. Msimu uliopita tulipima kila tulichomwaga na kila tulichovua, ikawa kilo 1.6 za chakula kwa kilo moja ya mwatiko. Mchanganyiko wetu wa zamani wa pumba, mashudu na dagaa wa kusaga haukuwahi kufika hapo, mwingi ulizama kwenye tope.

Kinachoniudhi ni maandishi ya mfuko. Wameandika "unga wa samaki", basi. Samaki gani, kavuliwa bahari gani, ni asilimia ngapi, hamna. Muuzaji nilipomuuliza aliugeuza mfuko huku na huku, naye hakuona kitu. Kwetu hili ni zito. Hapa Bumbwini na jirani zetu wa Mangapwani, wanawake wanaishi kwa kuchemsha dagaa mchele kwenye maji ya chumvi na kuwaanika, na ndiye kitoweo cha nyumba isiyomudu changu wala nguru. Nikitoa mwatiko kilo moja kwa kuteketeza dagaa kilo mbili wa pwani ya watu wengine, nimepunguza samaki duniani, sikuongeza.

Hesabu yake kila mfugaji anaiweza. Samaki wabichi kilo 100 wakikaushwa na kusagwa hutoa unga wa kilo 22 na nusu hivi. Chukua kilo za chakula zilizotoa kilo moja ya samaki, zidisha kwa sehemu ya unga wa samaki iliyomo, kisha gawa kwa 0.225. Mfuko huu ukiwa na asilimia 20 ya unga, kila kilo ya mwatiko wetu imekula kilo 1.4 za samaki wa baharini. Ukiwa na asilimia 5, ni kilo 0.36 tu. Na mifuko yote miwili ukiitazama kwa nje ni sawasawa! Upo pia unga wa vichwa na mifupa inayobaki viwandani, ambao haukumvulisha mtu samaki wa ziada. Kama ndio uliomo, kwa nini wasiuandike wakajisifu nao?

Tena inatakiwa tujue alikotoka, maana kilo na kilo hazilingani. Peru mwaka 1970 walivua dagaa wao zaidi ya tani milioni 12; El Niño ya 1972, yaani maji ya bahari kupata joto kuliko kawaida, ikawakuta wameshavuliwa kupita kiasi, wakaporomoka. Mwaka 2023 serikali yao iliufuta msimu wa kwanza kwa kuwa samaki wachanga walikuwa wengi mno. Huko angalau kuna mtu anayehesabu. Senegal, Gambia na Mauritania, viwanda vya unga vinanunua saradini wale wale ambao wanawake wa pwani huwakausha kwa kitoweo, na saradini hao wamezidiwa na uvuvi. Unga wa Peru na unga wa huko ukishasagwa, utautofautishaje bila maandishi?

Kwa mwatiko nashauri hivi. Huyu samaki kwa asili anakula ukoga. Tia mbolea ya kuku bwawani, yaache maji yaote kijani, badilisha maji wakati wa bamvua, atakua miezi ya mwanzo bila punje hata moja. Sisi chakula hiki sasa tunakitia mwezi wa mwisho tu kabla ya kuvua, asubuhi na alasiri, na tunaacha wanapopunguza kuja juu.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizobaki nitaziongeza siku mfuko utakapotaja jina la samaki, bahari na asilimia. Na ukienda dukani, uliza hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya wanunuzi wengine.